Waliuzwa na nani?

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ukumbi wa chini wa kanisa, ule wenye viti vya chuma vya kukunja, chai yetu iko kwenye chupa kama kawaida. Darasa la uraia. Mimi ndo huwa nasoma maswali ya mtihani kwa Kiingereza, halafu natafsiri, halafu tunarudia wote mpaka ulimi uzoee. Wengi wao ni Wakongo wa Uvira na Fizi waliokaa kambini Kigoma miaka na miaka kabla ya kupata ndege ya kuja huku Marekani, kwa hiyo Kiswahili ndo kinatuunganisha, changu cha Tanzania na chao cha Kongo.

Tukafika swali namba 60 katika yale 100 ya mtihani wa uraia wa Marekani, toleo la 2008.

Ni kundi gani la watu lilichukuliwa likaletwa Amerika na kuuzwa kama watumwa? Jibu ni Waafrika. Ndo swali rahisi kuliko yote kwenye karatasi ile, watu wangu wanalijibu kabla sijamaliza kusoma. Nikageuza ukurasa.

Mama mmoja akanyoosha kalamu. Mtu mzima, wajukuu anao, daftari lake kalifunika na gazeti kama tulivyokuwa tunafunika shule ya msingi. Akauliza, "Mwalimu, ni nani alibauzisha?"

Nikasema wazungu mama, wafanyabiashara.

"Bazungu ni bengi. Minauliza jina."

Sikuwa na jina.

Nimeishi nchi hii miaka tisa, watoto wangu wanasoma hapa, hayo maswali 100 nayajua kwa moyo, lakini jina hata moja la mtu aliyesimama gatini akauza watu sikuwa nalo. Nikasema tuendelee mama, muda umeenda. Akaandika kitu kwenye daftari, akanyamaza.

Hiyo kitu imenisumbua wiki sita.

Kumiliki na kuuza

Majina ya waliomiliki watumwa kila mtu anayajua, Washington, Jefferson, wengine wako kwenye noti. Ila yule mama hakuuliza nani aliwamiliki. Kuuza ni kazi nyingine kabisa. Ni ofisi, ni vitabu vya mahesabu, ni barua, ni mtu anaamka asubuhi anakunywa chai yake halafu anaenda kupanga nani auzwe lini na kwa bei gani. Na swali la mtihani limeandikwa "waliuzwa" tu, basi. Kwa Kiswahili ukiniambia kitu kimeuzwa lazima nikuulize na nani, sikio linasubiri hiyo "na". Miaka yote nasoma swali lile na sikio langu halikusubiri chochote.

Nikaanza kutafuta usiku watoto wakilala. Nikaanzia Charleston, South Carolina, maana huko ndo walikoshushiwa wengi kuliko bandari yoyote ya huku bara. Na jina likaja haraka kuliko nilivyotegemea.

Henry Laurens.

Nikashtuka, maana jina hilo nilishaliona sehemu nyingine. Huyu alikuwa rais wa Bunge la Mapinduzi, lile la Wamarekani wakati wanapigania uhuru, aliyempokea kiti John Hancock mwaka 1777. Huyu alikuwa balozi. Huyu ni mmoja wa Wamarekani wanne waliosaini makubaliano ya amani na Uingereza kule Paris mwaka 1782, yeye na John Adams na Benjamin Franklin na John Jay. Nikadhani nimekosea mtu, nikarudi nikasoma upya. Ni yeye.

Dalali

Kuna tangazo moja la mwaka 1760, liko kwenye intaneti mtu yeyote anaweza kuliona. Linasema watu kama 250, wenye afya njema, wamewasili sasa hivi kutoka pwani ya mpunga ya Afrika Magharibi, watauzwa Jumanne tarehe 6 Mei ndani ya meli, kwenye kivuko cha mto Ashley nje ya mji. Nje ya mji kwa sababu mjini kulikuwa na ndui. Tangazo linamhakikishia mnunuzi kwamba hakuna mashua iliyoruhusiwa kusogelea meli, ili bidhaa isiambukizwe. Na mwisho kabisa kuna nyongeza, kwamba nusu nzima ya watu hao walishaugua ndui huko kwao. Yaani hawa hawatakufia, nunua bila wasiwasi.

Chini wamesaini: Austin, Laurens na Appleby.

Kwa Kiswahili chetu huyu mtu alikuwa dalali. Sitafuti neno kubwa zaidi ya hilo maana hilo ndo lenyewe. Meli si yake, mzigo si wake, yeye anapokea, anatangaza, anauza, anakata asilimia 10 yake, kinachobaki anakituma London kwa mwenye mzigo, mara nyingi kikiwa kimegeuzwa kuwa mchele. Inakadiriwa kwamba ndani ya miaka ya 1750 peke yake kampuni yao iliuza zaidi ya watu 8,000. Baba yake Laurens alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Babu na bibi zake walikuwa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa kwa sababu ya dini yao, wakimbizi kabisa, kama hawa wanafunzi wangu. Na mjukuu wa wakimbizi akawa mmoja wa watu tajiri kuliko wote South Carolina.

Mwenye mzigo mara nyingi alikuwa Richard Oswald, Mskochi mwenye ofisi London. Oswald na wenzake walinunua ngome ya kuuzia watumwa ya Kisiwa cha Bunce, kwenye mdomo wa mto Sierra Leone, mwaka 1748. Shikilia hilo jina la Oswald, litarudi.

Sasa turudi kwenye tangazo, kuna kitu kimoja bado. Mwaka huohuo wa 1760 ndui iliingia mpaka nyumbani kwa Laurens. Binti yake mchanga, Martha, aliugua mpaka wakasema amekufa, wakamlaza karibu na dirisha lililo wazi wasubiri kumzika, na upepo ukampuliza na mtoto akaanza kupumua. Akaishi. Akakua, akaolewa, akazaa. Nimejaribu kumfikiria yule baba ndani ya mwaka mmoja, mkono mmoja ameshika mtoto aliyerudi kutoka kwa wafu, mkono mwingine anaandika kwamba nusu ya watu wako melini walishaugua kwao. Nimeshindwa. Mpaka leo hivyo vitu viwili havikai pamoja kichwani kwangu.

Watoto sita

Kuna meli nyingine, ndogo, jina lake Hare. Ilifika Charleston katikati ya mwaka 1756 ikitoka Sierra Leone, na waliouza watu wake ni Laurens na mwenzake. Miongoni mwa wanunuzi alikuwemo Elias Ball, mtu wa ukoo wa mke wa Laurens. Ball alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, na siku aliponunua aliandika: wavulana wanne na wasichana wawili, umri kwa kukadiria, pauni 600 jumla.

Sancho miaka 9. Peter 7. Brutus 7. Harry 6. Belinda 10. Priscilla 10.

Nina mtoto wa miaka 7. Nilisoma orodha ile saa sita usiku nikaenda kumfunika shuka ingawa alikuwa ameshafunikwa.

Priscilla aliishi. Alizaa watoto kumi, akafa mwaka 1811 bado mtumwa. Na kwa sababu Laurens alitunza barua zake na Ball alitunza daftari lake, kizazi chake kinajulikana mtu kwa mtu mpaka leo, na mwaka 2005 mjukuu wake wa kizazi cha saba alipanda ndege akaenda Sierra Leone, watu wakampokea kama ndugu aliyepotea. Karatasi zilezile za mauzo ndo zimemrudisha nyumbani.

"Nauchukia"

Hapa ndo mambo yalianza kuniwia magumu, maana mpaka hapa nilikuwa na jibu safi la kumpelekea mama. Jina: Henry Laurens. Kazi: kuuza watu. Mwisho.

Halafu nikakutana na barua ya tarehe 14 Agosti 1776.

Anamwandikia mwanawe mkubwa, John, aliyekuwa anasoma London. Uhuru umetangazwa mwezi uliopita tu. Anamwambia, unajua mwanangu nauchukia utumwa. Anasema alizaliwa nchi ambayo wafalme na mabunge ya Uingereza walishauweka zamani kabla yeye hajakuwepo. Anasema watu wake wangemletea pauni 20,000 kama wangenadiwa kesho, na kwamba yeye siye aliyewatia utumwani, hilo ni kazi ya Waingereza, lakini sasa anatafuta njia ya kuwaacha huru wengi wao. Halafu anataja vizuizi: sheria, desturi, na uroho, wake mwenyewe na wa watu wa nchi yake.

Uroho wake mwenyewe. Ameandika kwa mkono wake.

Halafu anauliza: watoto wangu watasema nini nikiwanyima mali yote hiyo?

Nilikaa na hiyo barua siku kadhaa. Kwanza nikakasirika, "mimi siye niliyewatia utumwani," wewe ndo dalali wewe! Biashara ya kuuza alishaiacha miaka ya 1760, ni kweli, lakini mashamba aliendelea nayo, Mepkin kwenye mto Cooper aliinunua mwaka 1762, ekari kama 3,000, na mamia ya watu wakilima mpunga. Halafu hasira ikapungua, nikaanza kuogopa kidogo, kwa sababu ile barua siyo ya mnafiki. Mnafiki hujipamba. Huyu anajiona. Anajua kabisa kilicho sahihi, anajua ni kiasi gani kitamgharimu, anataja mpaka bei, na anasimama hapohapo.

Mtu anaweza kukaa hapo muda gani?

Mtoto aliyeomba urithi wake

Tunasema mtoto wa nyoka ni nyoka. John Laurens alikataa.

Alisoma Geneva na London, akarudi 1777 akawa msaidizi wa Washington vitani. Januari 1778, wakiwa kwenye baridi la kambi ya jeshi ya Valley Forge, akamwandikia baba yake, ambaye wakati huo ndo rais wa Bunge, ombi ambalo mimi sijawahi kusikia mtoto akimwomba baba. Akasema, badala ya kuniachia mali, nipe sehemu ya watumwa wako wenye nguvu, niwafanye askari, na vita vikiisha wawe huru. Yaani nipe urithi wangu sasa, nami niuachie uende.

Nataka msomaji uirudie barua ya 1776 hapo. Watoto wangu watasema nini? Huyu hapa mtoto, amesema.

Baba mwanzoni akamrudisha nyuma, akaona ni wazo la kijana mwenye damu ya moto. Lakini kufika Machi 1779 akageuka. Alimwandikia Washington kwamba kungekuwa na silaha za watu weusi 3,000 ambao angewachagua mwenyewe Carolina, asingekuwa na shaka ya kuwafukuza Waingereza Georgia. Na mwezi huohuo Bunge likapitisha pendekezo: South Carolina na Georgia waandikishe askari weusi 3,000, wenye watumwa walipwe hadi dola 1,000 kwa kila mmoja, na askari atakayetumika mpaka mwisho apate uhuru wake na dola 50.

Niliposoma hilo nilifurahi peke yangu sebuleni. Nikasema kumbe, huyu mzee anabadilika.

Bunge la South Carolina likakataa. John akarudi tena na tena kuwaomba, wakakataa kila mara.

Mfuko ulioelea

Hii sehemu nitaipita haraka ingawa ni kama sinema. Agosti 1780 Laurens akapanda meli kwenda Uholanzi kuomba mkopo. Septemba Waingereza wakaikamata meli karibu na Newfoundland. Akatupa mfuko wa nyaraka baharini, mfuko ukaelea, mabaharia wakauvuta na ndoano, na ndani wakakuta rasimu ya mkataba kati ya Marekani na Waholanzi, ambayo Uingereza ikaitumia kama sababu ya kutangaza vita na Uholanzi. Laurens akafungwa kwenye Mnara wa London kwa tuhuma za uhaini, zaidi ya mwaka mzima, mgonjwa wa jongo, hana ruhusa ya kalamu na wino. Akawa anaandika kwa penseli kwa siri.

Aliyemwekea dhamana akatoka siku ya mwisho ya mwaka 1781 ni Richard Oswald. Yule wa Bunce.

Na mtu aliyebadilishwa naye ni Jenerali Cornwallis wa Uingereza, ambaye masharti ya kusalimu amri kwake kule Yorktown yalijadiliwa, kwa upande wa Wamarekani, na nani? Na John Laurens. Mtoto alimfunga mtu ambaye kufunguliwa kwake ndo kulimpa baba uhuru kamili.

Mimi nilidhani mtu akishafungwa atatoka ameelewa. Nilitaka sana iwe hivyo.

Paris, siku moja

Agosti 27, 1782, vita vimeshaisha kila mtu anajua, Waingereza waliobaki Charleston wametoka nje kutafuta mchele kwenye mto Combahee. John Laurens alikuwa kitandani na homa. Akaamka akaenda kuwazuia. Akapigwa risasi akafa, miaka 27.

Habari ilimfikia baba yake katikati ya Novemba, huko Uingereza, kwenye barua ya John Adams, pamoja na wito wa kwenda Paris haraka kwenye mazungumzo. Akaenda. Tarehe 29 alikuwa mezani, kazi yote imeshafanyika bila yeye, mipaka, madeni, haki za kuvua samaki. Kilichobaki ni kusaini tarehe 30.

Upande wa pili wa meza, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza alikuwa Richard Oswald.

Na hapo mzee aliyefiwa, ambaye siku zote zile za mazungumzo hakuwepo, akaongeza kitu kimoja. Adams ameandika kwenye shajara yake: Laurens alisema lazima kuwe na sharti kwamba majeshi ya Uingereza yakiondoka yasichukue Weusi au mali nyingine ya Wamarekani. Wote wakakubali. Oswald akaridhia.

Ikaingia. Kwenye mkataba wa mwisho wa 1783 ni kifungu cha 7.

Nilifunga laptopu. Kwa kweli nilifunga nikaenda kusimama nje kwenye baridi.

Maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia upande wa Waingereza kwa sababu waliahidiwa uhuru. Hao ndo waliosemwa. Mwanawe amekufa miezi mitatu iliyopita, mwanawe aliyetaka watu walewale wapewe uhuru kwa kupigania nchi hii. Nimesoma watetezi wake wakisema alikuwa na huzuni, mashamba yake yaliporwa vitani, alikuwa anafikiria mali za majirani zake. Yote yanaweza kuwa kweli. Mimi nimefiwa, najua siku kumi na tano baada ya habari ya msiba mtu hana akili yake. Lakini ndo maana linaniuma zaidi, kwa sababu akili isipokuwepo mkono unafanya kile ulichozoea, na mkono wa Laurens ulizoea kuhesabu watu.

Nimelala na wazo hilo, nimeamka nalo. Sijaweza kulitoa.

Nyingine

Nikajaribu kutafsiri kile kifungu kwa ajili ya darasa. Bila kuharibu kitu chochote, wala kuchukua Weusi wowote au mali nyingine ya wakazi wa Marekani.

Nikakwama kwenye neno moja, "nyingine".

Ukisema "nimeleta machungwa na matunda mengine" umeshasema machungwa ni matunda. Kiswahili chetu kina ngeli ya A-WA, tulifundishwa ni ya watu na wanyama, vyenye uhai. Kuku amelala, mbwa amekula, mbu ameniuma. Hata marehemu tunasema amezikwa, hatumtoi kwenye ngeli yake. Sasa hapa katikati ya sentensi watu wanaingia wakiwa wa A-WA, na likija neno "nyingine" tu, neno dogo hilo, linawavuta linawaweka ghalani na magunia. Nilibadilisha tafsiri mara nne. Hakuna namna ya kuandika sentensi ile kwa Kiswahili sahihi bila kuwatoa watu kwenye utu, na kutafsiri vinginevyo ni kuwadanganya wanafunzi.

Nikaiacha kama ilivyo.

New York, 1783

Watu wa upande wa pili wa kifungu cha 7 wana majina pia. Boston King alizaliwa mtumwa karibu na Charleston, akakimbilia kwa Waingereza, akafika New York, akaoa. Amesimulia mwenyewe jinsi uvumi ulivyoenea mjini kwamba mkataba umesema wote warudishwe kwa mabwana zao. Anasema siku hizo chakula hakikushuka na usingizi uliwaruka, na mabwana wa zamani walikuwa wanakuja kutoka Virginia na North Carolina wanawakamata watu barabarani, hata kuwaburuta kutoka vitandani.

Wanafunzi wangu hiyo hali hawahitaji kufafanuliwa.

Kilichowaokoa ni kamanda wa Waingereza, Guy Carleton, ambaye alimwambia Washington uso kwa uso kwamba walioahidiwa uhuru kabla ya mkataba hawawezi kurudishwa, itakuwa aibu. Akaamuru waandikwe wote kwenye daftari, kama 3,000, jina, umri, bwana wa zamani, wakapakiwa melini kwenda Nova Scotia, Kanada ya leo. Mmojawapo anaitwa Harry Washington, na bwana wake wa zamani ndo huyohuyo Washington. Sisemi Waingereza walikuwa malaika, waliohamishwa kutoka Charleston wengi waliishia utumwani visiwani Karibi. Ila daftari lile lipo, na watu waliliingia kwa majina yao.

Nova Scotia ikawashinda, baridi, njaa, ardhi hawapewi. Januari 1792 karibu 1,200 wakapanda meli 15 wakavuka Atlantiki kurudi Afrika. Boston King na mkewe walikuwemo, na mkewe alifariki muda si mrefu baada ya kufika. Wakaanzisha Freetown.

Freetown iko kama kilometa 30 kutoka Kisiwa cha Bunce. Mwaka huo Bunce bado ilikuwa inauza watu, chini ya wapwa wa Oswald aliyekuwa ameshakufa.

Moto wa Mepkin

Mwaka huohuo, Desemba 1792, Henry Laurens alikufa Mepkin. Aliitwa kwenda kutunga katiba mwaka 1787, akakataa, akabaki shambani. Wosia wake ulisema mwili uvingirishwe kwenye yadi 12 za kitambaa uchomwe moto mpaka uishe kabisa, kitu ambacho kwa Mkristo wa wakati ule kilikuwa hakijasikika. Wanasema ni kwa sababu ya Martha na lile dirisha, hakutaka kuzikwa akiwa hai. Miaka 32 baadaye bado alikuwa analikumbuka dirisha.

Wale mamia wa mashambani hawakuachwa huru. Zile njia alizomwandikia John kwamba anazitafuta hazikupatikana.

Leo Mepkin ni monasteri ya watawa, iko hivyo tangu 1949, na majivu yake yako pale.

Swali la 60, tena

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumemaliza mzunguko tukarudi mwanzo, na swali la 60 likafika. Kabla hawajajibu nikageuka ubaoni nikaandika: Henry Laurens.

Yule mama alikuwepo. Hakusema kitu, akafungua daftari nyuma, kwenye ukurasa ambao kumbe alikuwa ameuacha, akanakili herufi moja moja. Nikawasimulia kwa ufupi, meli, tangazo, John, Paris. Kwa John wakatikisa vichwa. Kwa kifungu cha 7 mzee mmoja akavua kofia yake akaiweka magotini. Nikawaandikia na wale watoto sita kwa umri wao.

Mama akauliza, "Ule mutoto Priscilla, kwabo balikuwa banamuita nani?"

Nikamwambia hilo jina kapewa na mnunuzi, siku ya kununuliwa. La mama yake halikuandikwa popote.

Akalitazama ubaoni muda. Halafu akaandika Priscilla, akaacha mstari mmoja mtupu juu yake, akafunga kalamu.

Tukaenda swali la 61. Kwa nini walowezi walipigana na Waingereza?